Upande wa Pili wa Basi la Salama

Msalaba ulio juu ya kaburi la marehemu Valère umeandikwa kwa herufi zilizosimama wima, na siku ya maziko kila aliyemjua aliuliza swali lile lile. Mtu aliyeinamisha herufi za nusu ya Kampala, mbona jina lake mwenyewe limesimama kama askari kwenye gwaride? Mjane wake, Julienne, aliwajibu kwamba ndivyo alivyotaka mwenyewe. Hakueleza zaidi, maana alikuwa bado analia. Sasa machozi yamepungua kidogo, na ni vyema jambo hili lielezwe, kwa sababu Mungu alionekana ndani yake.

Valère alizaliwa Bukavu. Mabruda wa misheni ndio waliomtia brashi mkononi, akawa anawaandikia namba za madawati na majina ya watakatifu chini ya sanamu. Vita vya miaka ya sitini vilipoichafua Kivu, alivuka mpaka na Julienne, mtoto wao Marie-Louise akiwa mgongoni, na katika vitu vichache walivyobeba zilikuwamo brashi zake, zimefungwa kwa kitambaa kama mtoto mwingine. Kampala iliwapokea. Walipata chumba Bukoto, naye akapata kibaraza cha kazi Wandegeya, kati ya duka la mpiga chapa na banda la mama mmoja aliyewapikia wanafunzi maharage.

Hapo kibarazani ndipo alipobuni herufi zake. Vibao vya mji siku hizo vilikuwa na herufi nene, zilizokaa kizito, zenye vijikucha juu na chini kama miguu ya kuku. Valère aliziona zimechoka. Mbele ya kibaraza chake barabara ilipanda kuelekea chuo kikuu, na kutwa nzima aliwatazama watu wakiipanda kutoka kushoto kwake kwenda kulia, wanafunzi na vitabu vyao, akina mama na vikapu vyao, kila mmoja ameinama mbele kidogo. Si sana, kiasi cha mtu anayejua aendako. Siku moja alichukua rula, akaishika hewani mbele ya jicho lake, akaupima mwinamo ule. Kisha akakaa chini na kuzichora, A mpaka Z, bila kucha hata moja, unene wa mistari ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na zote zimeinamia kulia. Ukiwa ng'ambo ya barabara ulizisoma bila kukaza macho, hata kama ulikuwa na haraka. Akaziita Mpandaji.

Watu walizipenda. Mpiga pasi alizitaka, kinyozi alizitaka, muuza dawa alizitaka. Padre wa parokia alipoomba kibao cha saa za misa, Valère alitumia Mpandaji bila kuulizwa, akasema Wakristo wa Bukoto wanahitaji kusukumwa. Lakini Ogutu, seremala Mjaluo aliyetengeneza majeneza, alipokuja kuzitaka, alimkatalia.

"Kwa nini mimi uninyime?" Ogutu aliuliza. "Pesa yangu ina ukoma?"

"Hapana, bwana. Herufi hizi ni za mtu aliye njiani. Mteja wako amekwisha fika."

Ogutu alicheka mpaka akakaa juu ya kopo la rangi, na kibao chake kikaandikwa wima.

Kisha ukaja mwaka ambao Wahindi walifukuzwa nchini. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wengi wao wanajeshi na jamaa za wanajeshi, na kila mwenye duka jipya akataka kibao kipya. Kazi ilimiminika kwa Valère kama mvua ya masika. Haikuwa kazi tamu yote. Kuna siku alikwangua jina la mzee mmoja muuza vitambaa ambaye kila Krismasi alikuwa akimpa Julienne vipande vya kushonea nguo za watoto. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuanza kukwangua, na jioni hakula. Lakini aliandika, kwa kuwa kukataa kazi ya wakubwa wale kulikuwa ni kujitafutia maneno, na mgeni hana mtu wa kumsemea.

Ndipo akaja Kepteni Kamis. Alikuwa amepewa basi, kubwa, la rangi ya maziwa, la kwenda Arua, na alitaka liandikwe SALAMA pande zote mbili kwa "ile maandiko yako inakimbia." Valère alilipaka kama alivyozoea kupaka vibao. Aliichora SALAMA kwenye karatasi ya kaki, akaitoboa kwa sindano kufuata mistari, akaibandika ubavuni mwa basi, akaipiga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Unga ulipita kwenye matundu na kuacha nukta, naye akafuata nukta hizo kwa brashi na rangi nyekundu. Alipomaliza upande wa dereva alihamishia karatasi ile ile upande wa abiria, akafanya vile vile. Kazi ilikuwa safi, haina tone lililochuruzika.

Kosa lake lilikuwa la mtu aliyezoea maduka. Duka haliendi popote. Halina kichwa wala mkia. Basi linavyo. Upande wa dereva, mbele ya basi iko kulia kwa anayesoma, kwa hiyo herufi ziliinama kuelekea mbele, zikakimbia. Upande wa abiria, mbele ya basi iko kushoto. Herufi zile zile, zikiinamia kulia, zilielekea nyuma. Zilionekana kama zinavutwa na mtu aliyeshika mkia wa basi.

Valère hakuliona hilo. Aliliona mpiga debe mmoja, siku basi lilipoletwa sokoni Wandegeya kuonyeshwa watu.

"Arua! Arua!" alipaza sauti yule mpiga debe. "Arua kinyumenyume! Panda mbele, ufike nyuma!"

Soko zima lilicheka. Halafu kicheko kikakatika mara moja, kwa sababu Kepteni mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Mpiga debe aliyeyuka kati ya mafungu ya ndizi. Valère hakuwa na pa kuyeyukia. Kibaraza chake kilikuwa pale pale, na jina lake juu yake.

Kepteni Kamis alimwita kwa kidole.

"Wewe ndiyo fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Soma hii."

"Salama, afande."

"Mimi najua ni salama! Soma vile inalala." Akapitisha fimbo yake ubavuni mwa basi. "Hapa kichwa. Hapa mukia. Maandiko yako yanaangalia mukia. Serikali inakwenda mbele. Mimi nakwenda mbele. Basi yangu peke yake inarudi nyuma. Nani alikutuma?"

Valère alitazama, na kwa mara ya kwanza akaona.

"Hakuna mutu alinituma, afande. Ni kosa langu. Nitatengeneza."

"Jumamosi asubuhi mama yangu anapanda hii basi kwenda Arua. Watu wote watakuja kuangalia. Kama mutu mumoja anacheka, wewe Mukongo utakwenda Luzira, utaandika ukuta ya jela kutoka ndani."

Hakupiga kelele aliposema hivyo, na ndiyo sababu Valère alimwamini.

Jioni ile, nyumbani Bukoto, alikuwapo Jean-Pierre, binamu yake mdogo, aliyekuwa mpakiaji wa mabehewa kule bandarini Port Bell. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Yaya, usikae," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Ijumaa meli inavusha mabehewa kwenda Kisumu. Kuna behewa la kahawa. Mwenye kulifunga ni rafiki yangu. Utalala juu ya magunia, utaamka Kenya."

"Na sisi?" Julienne aliuliza. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho.

"Ninyi mtafuata, shemeji."

"Tutafuata kwa njia gani? Yeye akitoweka leo, kesho watakuja kuniuliza mimi. Anayekimbia amekwisha sema ndiyo, nilimtukana mkubwa."

"Na anayebaki anasema nini?"

"Anasema nilikosea kazi." Hapo akamgeukia mumewe. "Baba Marie-Louise, hilo lako la herufi unaweza kulinyoosha?"

"Sijui. Sijawahi kuziinamisha upande ule. Hakuna mtu huandika hivyo."

"Basi jaribu. Mimi nitafunga vitu vyetu. Ukishindwa tutaondoka sote na Jean-Pierre, Mungu atajua wapi. Ukiweza nitavifungua."

Alimaliza mchele wake, akatandika kanga sakafuni na kuanza kukunja nguo za watoto. Walisali rozari pamoja, Jean-Pierre naye akiitikia, ingawa kwa siku nyingi alikuwa ameiacha.

Asubuhi Valère alikwenda kwenye uwanja nyuma ya soko, ambako basi lilikuwa limeegeshwa. Dereva wake, Sebit, Mnubi wa makamo mwenye tumbo na maneno mengi, alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango akitafuna mkate.

"Karibu, ndugu fundi. Nimeambiwa nikuchunge usikimbie. Lakini mimi na hii tumbo, ukikimbia nitakuangalia tu."

Valère alicheka kidogo. Ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu jana. Alikwangua herufi za upande wa abiria, akapiga msasa, akapaka rangi ya maziwa juu yake. Ilipokuwa inakauka alikaa chini ya turubai na karatasi ya kaki. A na M hazikumsumbua. Aligeuza tu karatasi ya zamani, nyuma ikawa mbele, na A ikawa ni A ile ile iliyoinamia kushoto. M vivyo hivyo. L alilazimika kuichora upya, lakini L ni vijiti viwili. Kilichomshinda ni S. Ukiigeuza S si S tena, na ukiichora upya na kuiinamisha kushoto, inalegea. Alichora, akafuta, akachora.

Sebit alikuja kuchungulia. "Hii namba moja, naona kama mulevi. Anatafuta ukuta wa kuegemea."

"Ni S."

"Sijui jina lake, mimi sikusoma. Lakini amekunywa."

Mchana mvua ilinyesha, wakashika turubai pamoja juu ya ubavu uliopakwa, maji yakiwatiririka viwikoni. Sebit alisoma dua ya kwao na Valère akataja Bikira Maria, na kila mmoja aliitikia amina kwa sala ya mwenzake kwa moyo wote. Mvua ilipokatika rangi ilikuwa salama, lakini S bado ilikuwa imelewa. Valère aliamua kutoka kidogo avute hewa.

Alitembea mpaka barabarani bila kuangalia aendako, akavuka, akakaa juu ya jiwe ng'ambo, akikitazama kibaraza chake mwenyewe kwa mbali. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kukaa upande ule. Wanafunzi walikuwa wanapanda kurudi chuoni baada ya mvua, akina mama wanapanda na vikapu. Watu wale wale, mlima ule ule. Lakini kutoka pale walikuwa wanakwenda kulia kwenda kushoto, na wote walikuwa wameinamia kushoto, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuanguka.

Alikaza macho. Mama mmoja alipita na mtungi kichwani. Shingo yake haikupinda hata kidogo. Mwinamo wake ulianzia kwenye kisigino, na mguu wa nyuma ulikuwa umekanyaga kwa uzito wote. Akatazama mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeinama kuanzia kichwani. Wote waliinama kuanzia miguuni. Ndipo alipoelewa kwamba S yake ilikuwa imepinda shingo, miguu ikabaki hewani.

Alirudi uwanjani karibu anakimbia, mpaka Sebit akasimama.

"Sasa unakimbia kuja? Mimi niliambiwa nikuchunge unapokimbia kwenda!"

Alichora S yenye tumbo la chini zito na pana, likikanyaga mstari kama kisigino, na kichwa chake kidogo, kimetangulia kuelekea mbele ya basi. Unene wa mstari aliuacha sawa na wa zile nyingine, maana huo ndio ulikuwa uzuri wa Mpandaji. Akarudi nyuma hatua chache, akaitazama kwa jicho moja.

"Mulevi wako anasemaje?"

Sebit aliinamisha kichwa. "Amelala, amekunywa chai, anakwenda kazini."

Akaitoboa karatasi, akapiga mkaa, akapaka. Ijumaa Sebit alikwenda msikitini, akarudi, akamkuta Valère amelala kwenye kivuli cha gurudumu, brashi bado mkononi, na SALAMA imekauka.

Jumamosi watu walijaa kama Kepteni alivyosema. Julienne hakuwapo, alikuwa Bukoto na mafurushi yake mlangoni, ingawa meli ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kuondoka, na Jean-Pierre amekaa juu ya mojawapo. Valère alisimama ukutani mwa soko, rozari mfukoni, vidole vikitembea shanga kwa shanga. Alijua kitu ambacho wengine hawakukijua: herufi zilizoinamia kushoto, mji mzima haukuwa umewahi kuziona. Huenda zingewachekesha kuliko zile za kwanza.

Kepteni Kamis alishuka kwenye gari lake na kumshika mkono mama yake, Bi Kaltumi, bikizee mfupi aliyejifunika shuka la rangi ya machungwa. Kwanza akamwacha amesimama, akaenda upande wa dereva. Akatazama. Akazunguka mbele ya basi polepole, fimbo mgongoni, akaja upande wa abiria. Akatazama.

Akarudi tena upande wa dereva. Watu walisikia viatu vyake tu.

Bi Kaltumi alichoka kusubiri.

"Kamis!" aliita. "Wewe unazunguka nini kama kuku anatafuta kutaga? Basi inataka kuondoka, haioni kama mimi bado chini. Fungua mlango!"

Mtu mmoja alicheka. Valère aligeuka haraka kumtafuta. Halafu akasikia ni nani aliyecheka: ni Kepteni mwenyewe. Alicheka mpaka kofia ikahama, na aliporuhusu kicheko, soko zima likafuata, na sauti za vigelegele zikapanda kutoka kwa akina mama wa Kinubi waliokuja kumsindikiza bikizee. Sebit alikuwa tayari kwenye usukani. Alipiga honi ndefu isiyo na sababu.

Basi lilipong'oka, Valère aliliona likipita mbele yake kwa upande wa abiria, S mbele, kisigino chake kimekanyaga, na A zote na M nyuma yake zikipanda mlima kuelekea barabara ya Bombo. Kepteni alimpita karibu akielekea gari lake. Alisimama kidogo.

"Fundi."

"Afande."

"Sasa inakwenda. Enda nyumbani."

Valère alipokuwa hai alikuwa akisema kwamba amesikia mahubiri mengi mazuri maishani, lakini hakuna maneno yaliyomwingia kama hayo mawili ya mwisho. Alikwenda nyumbani. Alitembea kwa miguu njia nzima mpaka Bukoto, wala hakuona kama ni mbali. Baadaye hakukumbuka kama alimsalimu mtu yeyote njiani.

Julienne alimwona kutoka mlangoni. Alimtazama uso tu, kisha akainama na kuanza kufungua fundo la furushi la kwanza. Jean-Pierre alimsaidia. Nguo za watoto zikarudi kwenye kamba ya ukutani, sufuria zikarudi mahali pake, picha ya Moyo Mtakatifu ikarudi kwenye msumari wake.

Valère alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akanyoosha miguu.

"Mama Marie-Louise," alisema. "Nikifa, jina langu mliandike wima."

"Kwa nini useme ya kufa leo?"

"Nitakuwa nimefika. Nimechoka kuinama."

Julienne alicheka na kulia kwa pamoja, akamsogezea sahani ya ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao.

"Kula kwanza," alisema. "Ya kufa tutaandika siku yake."

Na siku yake ilipofika, miaka mingi baadaye, kitandani mwake, watoto wakiwa wamemzunguka na padre akiwa ameshika mkono wake, jina lake liliandikwa wima, kama alivyosema.